Dawa mmeleta, sasa tupeni mahali pa kuzungumza: barua ya wazi kutoka Mbeya

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya. Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mganga Mkuu wa Mkoa. Na Wakurugenzi wa Halmashauri zote za mkoa huu.

Waheshimiwa, walionizidi umri shikamooni, na wale ambao ningeweza kuwafundisha darasa la pili hamjambo.

Dawa ipo. Naanza na hilo kwa sababu barua za namna hii zimezoea kuanza na lawama, na mimi sikuja kulaumu. Methadoni, dawa ya kunywa ya kumtibu mtu aliyenaswa na heroini, ilianza kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwezi Februari 2011, na leo mtoto wa Mbeya aliyenaswa na heroini hana haja ya kuhamia Dar es Salaam ili aipate. Anapanda bajaji mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anaondoka. Sisi tuliokesha na vijana wanaotetemeka kwa arosto, wanatapika, wanalia mifupa inauma, tunajua dozi ile ni kitu gani. Asanteni kwa hilo.

Ninachoomba ni kile kinachopaswa kufuata baada ya dozi: mahali, muda na mtu wa kuwafundisha vijana hawa, pamoja na sisi tunaoishi nao, kuzungumza upya.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Ilomba. Mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye kwa taratibu zetu ni mwanangu, alitumia unga, yaani heroini, miaka mingi na sasa anakunywa dawa. Jumapili baada ya ibada, familia kadhaa tunakutana kwenye chumba cha kuazima na kufanya mazoezi ya kuzungumza. Kikundi chetu hakina jina, hakina katiba, hakina akaunti benki, na mwenyekiti ni yeyote aliyewahi kufika na ufunguo. Ninayoyaandika hapa nimeyaona humo, na mengine nimeyasoma, maana mwalimu hata akistaafu hawezi kuacha kusoma.

Mtu anayetumia unga haachi kuongea. Anaongea sana, tena vizuri kuliko mimi niliyesimama mbele ya ubao maisha yangu yote. Anajua maneno ya kumtoa shangazi elfu mbili, na yale ya kumfanya jirani amwazime simu ambayo haitarudi. Anajua kulia. Anajua kuapa kwa kaburi la baba yake. Anakusoma usoni haraka kuliko mganga wa kienyeji, ila anachokitafuta usoni mwako ni kimoja tu: utatoa au hutoi.

Sasa mchukue mtu huyo, mpe dawa, arosto iishe. Ule ustadi hauna kazi tena, na ule wa kawaida, ambao sisi wengine tuliupata ukubwani bila kujua tunajifunza, yeye hana. Alianza akiwa kidato cha pili, leo ana miaka thelathini na kitu. Hajawahi kukosana na mke wake wakapatana naye akiwa na akili timamu. Hajawahi kumwambia fundi aliyemwajiri kwamba leo anaumwa ikawa ni kweli. Hajawahi kuombwa radhi na mtu, kwa hiyo hata radhi yenyewe hajui inavyopokelewa. Mwili umetulia, lakini anapofungua mdomo anatoka yule yule wa zamani, kwa sababu hakuna mwingine aliyefundishwa kutoka.

Na nyumbani nako tunamsubiri na masikio yetu ya zamani. Mama anauliza, "Umekula?" Kijana anasikia, "Umetumia?" Anajibu kwa ukali. Mama naye, kwa huo ukali, anapata uhakika kwamba ametumia. Ndani ya dakika mbili kuna ugomvi ambao hakuna aliyeukusudia.

Nilidhani ni tabia tu, kumbe wasomi wamelipima jambo hili. Mwaka 1999 watafiti wa Ubelgiji, Pierre Philippot, Charles Kornreich na wenzao, walichapisha utafiti ambamo watu waliokuwa wakitibiwa ulevi wa pombe walionyeshwa picha za nyuso na kuulizwa kila uso una hisia gani. Ukiwalinganisha na watu wasio na tatizo hilo, wao waliona hisia kuwa kali kuliko zilivyokuwa kwenye picha, na walikosea zaidi kuzitambua, hasa kwa kuelekea kuona hasira na dharau. Wala hawakuhisi kwamba kazi ile inawashinda. Utafiti huo ni wa pombe, si wa heroini, nami sitaki kuutumia kupita mpaka wake. Ila mama yeyote wa Mwanjelwa au Soweto, mitaa yetu hapa Mbeya, anayeishi na mtu aliyeacha pombe mwezi uliopita atawaambia kwamba picha hizo anaziona kila siku mezani kwake: umetazama chungu, yeye anasema umemkodolea macho.

Kuna mwingine, Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyekusanya pamoja na wenzake visa 311 vya watu walioacha kisha wakarudi, wakiwemo wa pombe, wa sigara na wa heroini. Aliuliza: siku ile uliporudi, kilichotangulia ni nini? Asilimia 35 ya visa vilitanguliwa na hisia nzito kama hasira, huzuni au upweke. Asilimia 16 vilitanguliwa na kugombana na mtu. Asilimia 20 ni kushawishiwa na wenzake. Jumlisheni wenyewe. Zaidi ya theluthi mbili ya walioteleza waliteleza mahali ambapo mdomo na sikio vingeweza kufanya kazi: kusema nina huzuni kabla huzuni haijanikokota kijiweni, kumaliza ugomvi, kukataa bila kumtukana anayekupa. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nao walisema bila kuhesabu visa 311.

Niwaonyeshe tunavyofanya, msije mkadhani ni mahubiri.

Kuna mama muuza viazi na kijana wake. Kijana ameanza dawa, anaendelea vizuri, hana kazi. Siku moja mama alimtuma sukari, aliporudi akampa chenji. Mama akaihesabu mbele ya wateja. Ikatimia. Akaihesabu tena. Kijana akaondoka bila neno, usiku akachelewa kurudi, na kuanzia hapo nyumba ikanuna. Jumapili wakaja wamekaa viti viwili mbalimbali kama waliogombania shamba.

Kanuni yetu ni moja: mtu akisema, huruhusiwi kujibu mpaka urudie ulichosikia, naye akubali kwamba ndicho alichosema. Basi. Ni kanuni ya mtoto wa chekechea, na nimeona watu wazima wakitokwa jasho kwa ajili yake.

Kijana akaanza: "Mama, wewe unanidharau mbele za watu."

Nikamsimamisha. Hiyo ni hukumu, na mtu akihukumiwa anajitetea, hasikii. Tuambie kilichotokea, kisha tuambie wewe kilikufanyaje.

Akakaa kimya, anatazama viatu. Kisha akasema, "Mama, shikamoo." Watu wakacheka, mama akaitikia marahaba huku anajizuia kutabasamu. "Juzi uliponituma sukari ulihesabu chenji mbele ya wateja. Ikatimia, ukahesabu tena. Niliona aibu sana. Nikatamani kwenda kijiweni."

Mama akaruka: "Kwani hukuwahi kuniibia wewe?"

Mama, rudia kwanza.

Ikachukua muda. Alifunga upya kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimelegea. "Unasema nilihesabu chenji mara mbili mbele za watu. Ukaona aibu."

"Ndiyo, mama."

"Ukatamani kwenda kijiweni."

"Ndiyo."

"Ulienda?"

"Nilifika kwenye kona ya transfoma, nikarudi. Nikakaa stendi mpaka usiku, kwa sababu sikutaka kukujibu vibaya."

Mama hakuwa na habari hiyo. Muda wote ule alikuwa anaishi na mtoto aliyerudi kwenye unga, kumbe mtoto yule hakuwepo. Aliyekuwepo ni huyu aliyefika kwenye kona na kugeuka peke yake, tena bila kupewa hongera na mtu. Zamu yake ilipofika alisema maneno ambayo kijana naye hakuwa ameyasikia: "Mwanangu, kuhesabu kule hata mimi sikupendi. Nikisikia sarafu mkononi mwako, mwili wangu unakumbuka asubuhi ile nilipokuta hela ya mbegu haipo. Mkono unahesabu wenyewe." Kijana akarudia, akakosea, akarudia tena. Aliporudia sawasawa alikuwa amegeuza kiti.

Walikubaliana nini? Kwamba akitoka dukani yeye mwenyewe atahesabu kwa sauti na kuweka hela mezani, na mama akitaka kuhakikisha zaidi atahakikisha ndani. Jambo la sukari na shilingi chache. Waheshimiwa, mimi naamini siku ile tuliokoa zaidi ya mtungi wa gesi na simu za majirani ambazo zingeibwa, ila sina risiti ya kuwaonyesha.

Mnaona hapo stadi mbili zilifanya kazi. Ya kwanza ni kusema jambo lililotokea na lilivyokugusa, bila kumpachika mwenzako tabia. Ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kujiweka katika nafasi ya mwenzako mpaka uone kwamba anayekuhesabia chenji naye anaogopa. Hii ya pili haiji kwa kuambiwa "uwe na huruma". Mtu aliyeishi miaka akitafuta kete ya asubuhi amelazimika kuizima huruma ili aweze kuuza sufuria ya mama yake. Kuiwasha tena ni mazoezi, kama mtu aliyevunjika mguu anavyofundishwa kutembea, na mazoezi hayo yanahitaji mtu wa kukaa naye na kusema rudia.

Hapa niseme jambo linalonikera. Mazoezi haya yanapoletwa, yanaletwa yakiwa yamekunjwa kwa mikunjo ya kigeni, na sisi tunaambiwa tuyavae hivyo hivyo. Kijana anafundishwa amtazame baba yake machoni na kumwambia, "Mimi ninahisi hivi unaponitendea vile." Mfundisheni hivyo kijana wa Rungwe, kisha mwacheni arudi nyumbani kwa baba yake. Mtoto kumkazia baba macho na kumweleza makosa yake, hapo hakuna mazungumzo, kuna kesi.

Lakini sisi si watu tusio na njia za kusemea mambo mazito. Tuna babu na mjukuu wanaotaniana, na ndani ya utani huo hupita maneno ambayo baba na mwana hawawezi kuambiana. Tuna mjomba. Tuna shangazi, ambaye kaka yake hawezi kumfukuza hata akitaka. Tuna kauli ya "baba, naomba ruhusa niseme jambo, na nikikosea unisahihishe", ambayo ikitangulia, hata mzee mkali hukaa. Katika chumba chetu kijana akishindwa kumwambia baba moja kwa moja, anamwambia babu mbele ya baba, na babu anarudia. Ile kanuni ya kurudia inabaki vile vile; tumeibadilishia kiti tu. Mtaalamu wenu atakayekuja kufundisha aje amejua haya, la sivyo atafundisha watu watakaoitikia vizuri darasani na kunyamaza nyumbani.

Na kikao cha ukoo kama tunavyokiendesha sasa kisiitwe mazungumzo. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Wazee sita wanazungumza kwa zamu saa tatu, kila mmoja akianza na "mwenzangu amemaliza yote ila nami niongeze", mhusika yuko kwenye kigoda mlangoni, na mwisho anaulizwa, "Umesikia?" Anasema nimesikia. Amesikia nini?

Wapo watakaosema hayo ni ya walioacha. Vipi kuhusu yule ambaye hataki hata kusikia neno hospitali? Hata huko mazungumzo yana kazi. Huko New Mexico, Marekani, Robert Meyers na wenzake walitengeneza mafunzo ya familia: mke au mama anafundishwa azungumze lini, aseme nini kwa ufupi, asifie kipi, aache kipi kimfike mhusika bila yeye kukiziba. Usigombane na mtu akiwa amelewa. Mpate asubuhi, akiwa na akili yake, umwambie jambo moja, si kumi. Mwaka 1999 yeye, William Miller na Scott Tonigan walichapisha matokeo ya kulinganisha njia tatu kwa ndugu 130 wa walevi waliokataa tiba. Njia ya kumzingira mhusika na kumsomea mashtaka iliwaingiza kwenye tiba asilimia 30. Njia ya kumwelekeza ndugu ashughulike na nafsi yake, ambayo kwa kweli haikubuniwa kwa lengo la kumleta mlevi kwenye tiba, asilimia 13. Mafunzo ya mazungumzo, asilimia 64. Mbeya si New Mexico. Lakini kumzingira na kumsomea mashtaka ndiyo njia yetu, tunaitumia kila wiki, na tukipata hata nusu ya tofauti ile, wodi zenu zitajua.

Niongeze kitu ambacho watu wa semina hukisahau: kumwelewa mwenzako si kukubali kupigwa. Nimewaambia kinamama wetu, akiinua mkono, toka, nenda kwa jirani, nenda Dawati la Jinsia na Watoto. Mazungumzo yanasubiri mpaka usalama uwepo. Sitaki barua hii iwe sababu ya mwanamke yeyote kurudishwa nyumbani "akazungumze na mume wake vizuri".

Sasa pombe. Nimetaja unga sana kwa sababu ndiko kwenye kliniki na bajeti, lakini milima yetu hii inalewa pombe kuliko unga, na mnajua. Viroba, ile pombe kali ya vifuko, mlivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, mkafanya vema; gongo haijasikia habari hiyo. Na pombe za kienyeji zipo: kimpumu Rungwe na Kyela, komoni mitaani, ulanzi Iringa na Njombe mvua zikikolea. Methadoni haitibu pombe. Aliyekuwa anakunywa gongo kila siku, akifungiwa chumbani na ndugu zake ghafla ili aache, anaweza kupata degedege na kufa. Huyo apelekwe hospitali, na hili nalo mlitangaze kwa redio maana watu wanafungiana ndani kwa nia njema. Akitoka hospitali hana kliniki ya kila siku ya kumrudisha mbele ya muuguzi. Anarudi moja kwa moja kwenye msiba, chungu cha kimpumu kiko katikati, mrija unazunguka, na mzee anayempa mrija ni yule aliyemlea. Kuukataa mrija ule ni somo. Tunalifanyia mazoezi: kijana mmoja anakuwa mzee, mwingine anakataa. "Babu, asante, mkono wako nimeupokea. Dawa ninazokunywa hazipatani na pombe. Naomba nikuongezee maji ya moto wewe." Akijibu hivyo amekataa pombe na hajamkataa babu. Wa kwanza tulipojaribu alisema tu "nimeokoka", na babu wa mazoezi akamuuliza ameokoka tangu lini, zoezi likavunjika kwa vicheko.

Hata huyu anayekunywa methadoni ana sababu ya kujifunza jibu hilo, kwa kuwa methadoni na pombe kwa pamoja hupunguza pumzi, na mtu anaweza asiamke. Familia ngapi zinalijua hilo? Nyingi bado zinaamini mtoto wao amehamishwa kutoka unga wa mtaani kwenda unga wa serikali. Hakuna aliyewakalisha akawaeleza kwamba dawa ile hufanya kazi mwilini zaidi ya saa 24, inamwondolea arosto, na ikipimwa sawasawa haimleweshi. Kwa hiyo kila asubuhi anasindikizwa kliniki na macho ya dharau, safari hii dharau ya kweli, si ya kusoma vibaya.

Kuhusu watendaji wa mitaa, mabalozi na askari nitasema kwa ufupi kwa kuwa mnajua mengi kuliko mimi. Kitu kikipotea mtaani, anayegongewa mlango wa kwanza ni aliyeacha. Akienda kuomba barua ya utambulisho, anaulizwa maswali kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Hakuna mafunzo ya kuzungumza yatakayomsaidia kijana ambaye ofisi inamjibu hivyo. Wafundisheni pamoja.

Maombi yangu sasa.

Pale kliniki ya methadoni, saa za familia ziandikwe kwenye ratiba kama dozi ilivyoandikwa, angalau mara moja kwa wiki, ziwe za mgonjwa na anayeishi naye, na wa pombe waruhusiwe kuingia. Wanaokwenda kila siku tayari wapo hapo. Wa Tukuyu na Kyela wako mbali. Kwa hao hospitali za wilaya zinaweza kufanya saa hizo hata pasipo dawa, maana mazungumzo hayahitaji kabati la kufuli wala kibali cha kusafirisha. Songwe ni mkoa mwingine, lakini vijana wa Tunduma wanakuja huku, na malori yanayowaletea unga hayajui mpaka wa mikoa. Zungumzeni na wenzenu.

Maafisa ustawi wa jamii waongezwe, na waliopo wapumue. Afisa mmoja anasuluhisha ndoa, anafuatilia matunzo ya watoto, anaandika taarifa za wazee, anahudhuria vikao vyenu, kisha tunategemea akae saa mbili na mama muuza viazi. Hawezi, na si kwa uvivu.

Nyumba za upataji nafuu, ambazo wote tunaziita soba, zikikaguliwa, mkaguzi asiishie kuhesabu vitanda na vyoo. Akae asikilize jinsi wasimamizi wanavyozungumza na wanaoishi humo. Yapo matumaini makubwa kwenye nyumba hizi, wengi wa wasimamizi wamepita njia hiyo hiyo. Lakini mtu aliyeacha kwa kufokewa huamini kwamba kufokea ndiyo tiba, na anamrithisha mwenzake. Hao ndio wa kufundishwa kwanza, kwa sababu wakielewa wao wataeleweka kuliko mimi na nyinyi.

Na vijana waliokaa muda mrefu bila kutumia, wanaowashika mkono wenzao wapya, walipwe. Si soda na nauli. Kazi wanayoifanya ni kazi.

Nisichoomba ni semina. Kila tarehe 26 Juni, Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, kunakuwa na fulana, maandamano, ngoma na hotuba, nami fulana ninazo, navaa nikichimba viazi. Hakuna kijana niliyemwona akipatana na baba yake kwa sababu ya fulana.

Najua jibu la kwanza litakuwa fedha, na la pili, linalosemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba watu hawa walijitakia, waombe msamaha wao kwanza. Kuhusu la pili: wengi wanataka kuomba. Hawajui waanzie wapi, na wakianza vibaya wanafukuzwa, wakifukuzwa wanarudi pale wanapopokelewa bila maswali, ambapo ni kijiweni. Kuomba radhi kunakoeleweka, kunakotaja kitu kilichoibwa kwa jina lake na kusema kitalipwa vipi, nalo tunalifundisha. Tunaanza na kilicho kidogo. Mmoja alianza na jembe.

Kuhusu fedha: dawa yenyewe, wauguzi na jengo mmeshalipia. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na mipango ya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Mwaka huu katika mtaa wetu tutaomba jambo hili liandikwe kwenye vipaumbele, chini ya barabara na maji, hatugombani na barabara. Likifika mezani kwenu msilifute kwa kuwa halina zege wala nondo. Kwa kuanzia tunahitaji chumba kimoja karibu na kliniki na afisa mmoja mwenye saa mbili kwa wiki. Viti tutabeba wenyewe.

Wenu katika kulijenga Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ilomba, Jiji la Mbeya.